Ombi Huja Kabla ya Neno

Kolwezi, mji wa machimbo wa Kongo, mtoto anayechelewa kusema hupewa muda kwanza, kisha hupewa sababu. Akiwa na miaka miwili, nyanya husema hata baba yake alichelewa, tungoje. Akifika mitatu, watu wa uani huanza kutazamana. Akifika minne na bado hajaita mama, sababu humiminika: ukoo wa mama haujamaliziwa mahari, jirani ana jicho baya, baba alivuka mwiko huko machimboni, mtoto amechanganyiwa lugha tatu tangu kunyonya, vumbi la malori ya shaba limemwingia kichwani. Muda na sababu hutolewa kwa nia njema, wala si kwa ujinga, maana hakuna familia inayopenda kukaa na fumbo lisilo na jina. Lakini vyote viwili vina kasoro moja. Humwacha mtoto palepale alipo, akivuta mkono wa mama yake kuelekea bidoni ya maji, na hakuna anayekuhesabu kule kuvuta kuwa ni kusema.

Hoja ya makala hii ni kwamba kule kuvuta mkono ndipo mahali pa kuanzia. Mtoto mdogo mwenye usonji (autisme) ambaye maneno yake ni machache, au hana kabisa, hakosi ulimi kwanza. Kinachomchelewea ni desturi ya kumgeukia mtu mwingine na kumpa haja yake, na desturi hiyo inaweza kufundishwa kwa mkono, kwa kitu na kwa picha, kabla ya neno lolote, nyumbani, na watu walewale wanaompikia bukari. Anayengoja neno litoke kwanza ndipo aanze kufundisha anangoja tunda kabla ya mti.

Jambo hili si uzushi wa leo. Daktari Leo Kanner, aliyefanya kazi katika hospitali ya Johns Hopkins mjini Baltimore, Marekani, alichapisha mwaka 1943 maelezo ya watoto 11 yaliyoipa dunia jina la usonji kama tunavyoujua. Kati ya hao 11, wanane walipata kusema na watatu wakabaki kimya. Msomaji angedhani Kanner angewatenganisha makundi mawili, wenye bahati na wasio na bahati. Hakufanya hivyo. Aliona kwamba kwa habari ya kuwasiliana, wanane wale hawakutofautiana kimsingi na watatu wasiosema. Walikariri majina, nyimbo, orodha, hata sala, lakini kwa miaka mingi maneno yao hayakuwa chombo cha kumfikia mtu. Neno lilikuwapo na mawasiliano hayakuwapo. Tangu ukurasa wa kwanza wa historia ya usonji, basi, ushahidi ulikuwa mezani kwamba kutoa sauti ni jambo moja na kumwambia mtu ni jambo jingine, na kwamba la pili ndilo lililo gumu kwa watoto hawa. Ajabu ni jinsi wazazi wengi, na walimu wengi pia, bado wanavyolikazania la kwanza: sema “mama”, sema “papa”, sema ndipo nikupe.

Kuna wanaosema kwamba haya ni maradhi ya Wazungu, na kwamba mtoto Mwafrika asiyesema ana lake jingine. Mwaka 1978 mtafiti Victor Lotter alichapisha matokeo ya safari yake katika nchi sita za Afrika, zikiwemo Kenya na Zambia, jirani wa kusini wa mkoa wetu wa Lualaba. Aliwakuta watoto wenye usonji huko, pamoja na wengine wengi wenye ulemavu wa akili wa aina nyingine. Watafiti waliokuja baadaye wanakadiria kwamba robo hadi theluthi hivi ya watoto wenye usonji hufika umri wa shule wakiwa na maneno machache sana au bila neno. Si wachache hao. Katika mji mkubwa kama Kolwezi, unaovuta familia kutoka Kasai, Tanganyika na Haut-Katanga kwa ajili ya shaba na kobalti, watoto hao wapo katika komini za Dilala na Manika, nyuma ya milango ambayo mgeni hafunguliwi.

Tuangalie basi ni nini hasa kinachokosekana. Mtoto asiye na usonji, kabla hajatimiza mwaka na nusu, huwa amekwisha kuwa mwombaji hodari. Hunyosha kidole kwa kuku, humtazama mama, hurudi kwa kuku, na macho yake yanauliza: umemwona? Hana neno hata moja, lakini mazungumzo yameanza. Mtoto mwenye usonji mara nyingi haonyeshi kidole, wala hatazami nyuma kuhakikisha kwamba umemfuata. Akitaka kitu, hukiendea mwenyewe; kikimshinda, hushika mkono wa mtu na kuutumia kama vile mtu angetumia ndoana. Hakuna dharau hapo. Mtoto amegundua kwamba mikono hufungua vifuniko, ila hajagundua kwamba mkono una mwenyewe, na kwamba huyo mwenyewe anaweza kuambiwa.

Hapa ndipo upendo wa nyumba za kwetu unapoharibu bila kukusudia. Ua wa Kolwezi una watu wengi: mama, yaya, shangazi, jirani aliyekuja kuazima makaa ya kupikia. Kila mmoja amemsoma mtoto. Akilia saa nne ni njaa. Akisimama karibu na mlango anataka nje. Akipiga kichwa ukutani, ondoeni redio. Wote wanajua, na kwa kuwa wote wanajua, mtoto hapati hata nafasi moja kwa siku ya kuomba. Maji yamekwisha kumiminwa kabla kiu haijapata sura. Mama wa namna hii husifiwa, na kweli anastahili sifa, kwa maana kumsoma mtoto asiyesema ni kazi inayotaka jicho na subira. Lakini anayekisiwa haja zake zote hana sababu ya kuzitangaza. Hatua ya kwanza ya kumfundisha mtoto kuwasiliana ni ndogo na inauma kidogo: kujifanya huelewi kwa nukta kumi.

Nukta kumi pekee hazitoshi, maana mtoto asiye na njia ya kuomba atalia tu. Ni lazima apewe njia. Iliyochunguzwa zaidi ni ile iliyobuniwa mwaka 1985 na Andy Bondy na Lori Frost katika jimbo la Delaware, Marekani, walipokuwa wakiwafundisha watoto wadogo wa shule ya awali wenye usonji. Msingi wake ni biashara: nipe picha, nikupe kitu. Watu wazima wanakuwa wawili. Mmoja anakaa mbele ya mtoto akiwa ameshika kile mtoto anachokipenda kuliko vyote, tuseme kipande cha mkate wenye sukari, na mkono wake mwingine uko wazi. Wa pili anakaa nyuma ya mtoto, na huyu hasemi neno. Mbele ya mtoto pana picha moja tu ya mkate. Mtoto anaponyosha mkono kuuchukua mkate, wa nyuma anauongoza mkono huo kuishika picha na kuiweka katika kiganja kilicho wazi. Papo hapo mkate unatolewa, na wa mbele anasema neno moja: “Mkate!” Siku za mwanzo mkono wa nyuma hufanya kazi yote. Kisha unaongoza nusu ya njia, kisha unagusa kiwiko tu, mwisho unatoweka.

Kuna siri katika mpango huu, na wanaoiiga nusunusu huikosa. Hakuna anayemwuliza mtoto, “Unataka nini?” Swali hilo linaonekana la adabu, lakini mtoto akifundishwa nalo hujifunza kungoja aulizwe, na akiwa peke yake na kiu atakaa na kiu yake. Kinachotafutwa ni yeye aanze. Ndiyo maana baada ya mabadilishano kuzoeleka, wa mbele husogea hatua mbili nyuma, kisha nne, kisha huenda upande wa pili wa ua akageuza mgongo. Mtoto lazima aichukue picha, amfuate, amguse. Anapofanya hivyo kwa mara ya kwanza, amefanya lile ambalo watoto wanane wa Kanner wenye maneno yao yote hawakulifanya kwa miaka mingi. Baada ya hapo zinawekwa picha mbili, moja ya kitu akipendacho na moja ya kitu asichojali, soksi kwa mfano, ili aone kwamba picha zinatofautiana na kwamba ukitoa ya soksi utapewa soksi. Hapo huwa pana machozi na kicheko.

Wala haihitaji kuwa picha. Kwa mtoto ambaye bado haoni kwamba karatasi inaweza kusimama badala ya kitu, anza na kitu chenyewe au kipande chake: kifuniko cha chupa kwa soda, kikombe cha plastiki kwa maji, kitambaa cha kuogea kwa kuoga. Baadaye ukate picha katika makasha ya biskuti na pakiti za maziwa ya unga, au upige kwa simu na kuzichapisha kwa mpiga picha wa sokoni, kisha uzifunike kwa skochi pana, maana msimu wa mvua Kolwezi hauna huruma na karatasi. Na usiishie kwenye chakula. Mtoto anayeweza kuomba mkate tu amefanywa mteja. Mpe pia njia ya kusema “ingine”, njia ya kusema “nibebe”, na zaidi ya yote njia ya kukataa. Kadi ya hapana, au kusukuma kitu kwa kiganja taratibu, huokoa makelele mengi; sehemu kubwa ya kile kinachoitwa ukorofi wa watoto hawa ni kukataa ambako hakukupata namna ya heshima ya kusemwa.

Pingamizi kubwa kuliko yote hutoka kwa akina baba na walimu: ukimpa picha, atakuwa mvivu, hatasema tena. Ni hofu yenye mantiki, na ingekuwa kweli ningeshauri picha zichomwe. Lakini imepimwa. Mwaka 2006 watafiti Millar, Light na Schlosser walikusanya tafiti zilizokuwa zimefanywa kuhusu watu wenye ulemavu wa ukuaji, wenye usonji na wasio nao, waliopewa ishara, picha au vyombo vya kusemea. Katika zile zilizokuwa na ushahidi imara walipata watu 27. Hakuna hata mmoja aliyepungukiwa usemi. Watatu hawakubadilika, na 24 waliongeza. Miaka miwili baadaye mapitio mengine yaliyowahusu wenye usonji peke yao yalifika palepale: hakuna dalili ya hasara kwa usemi, na wengi walipata faida, ingawa ndogo. Neno hilo “ndogo” lisirukwe. Picha hazikuwageuza kuwa wahubiri. Ila hofu ya kwamba zinaua ulimi haina ushahidi wa kusimamia, na ukifikiri kidogo utaona kwa nini. Neno ni jepesi kubeba kuliko kadi. Halisahauliki nyumbani, halilowi. Mtoto anayeweza kusema “mkate” ataacha kutafuta picha ya mkate, kama vile mtu aliyepona mguu anavyoacha fimbo kona ya nyumba. Na kila mara anapotoa picha, anasikia neno lilelile, kwa sauti ileile, wakati uleule moyo wake unalitaka. Hakuna saa bora ya kusikia neno.

Pingamizi la pili ni la umri. Watu husema akipita miaka minne au mitano bila kusema, basi. Watafiti wa Marekani walifuatilia kumbukumbu za watoto 535 wenye usonji ambao walikuwa na ucheleweshaji mkubwa wa lugha walipokuwa na miaka minne, na matokeo yakatoka mwaka 2013. Baadaye, wakiwa na umri wa miaka minane au zaidi, asilimia 70 walikuwa wanaunganisha maneno katika vifungu, na asilimia 47 walisema kwa ufasaha. Wale walikuwa watoto wa nchi yenye shule na huduma, kwa hiyo asilimia zile zisichukuliwe kama ahadi kwa Kolwezi. Zinachothibitisha ni kwamba mlango haufungwi siku ya kuzaliwa ya nne. Na upande wa pili wa hesabu usifichwe: watatu katika kila kumi hawakufika hata kwenye vifungu. Kwa hao, picha, ishara na vitu si daraja la kuvukia kwenda kwenye usemi. Ni lugha yao ya maisha, na wana haki nayo.

Suala la lugha linastahili nafasi yake, maana katika mkanda huu wa shaba ndilo linalowatesa wazazi zaidi. Nyumba moja ina Kilunda au Kichokwe cha bibi, Chiluba cha baba aliyetoka Kasai, Kiswahili cha mtaani na Kifaransa cha shule. Mtoto asiposema, ushauri wa kwanza anaopewa mama huwa ni kuacha hizo nyingine zote na kushika Kifaransa peke yake, kwa kuwa ndicho kitamfaa. Watafiti Hambly na Fombonne walilichunguza jambo hili Kanada, wakawalinganisha watoto 75 wenye usonji, wengine wakilelewa kwa lugha moja na wengine kwa lugha mbili, na kuchapisha mwaka 2012. Wale wa lugha mbili hawakuwa nyuma zaidi. Kwa hiyo lawama ya kuchanganyiwa lugha inaanguka. Lakini hata bila utafiti, fikiria mama ambaye Kifaransa chake ni cha salamu na hesabu ya soko. Ukimwambia amlee mtoto kwa lugha hiyo, atanyamaza. Atakosa utani, atakosa bembelezo, atakosa lile neno linalotoka lenyewe mtoto anapojikwaa. Nyumba itapata watu wawili wasiosema badala ya mmoja. Lugha ya kufundishia ombi ni ile ambayo anayemlea anaota ndani yake.

Kiswahili chenyewe kina mtego wake mdogo ambao vitabu vya kigeni haviwezi kuwaonya wazazi. Watoto wengi wenye usonji wanaoanza kusema hurudia walichokisikia kama kilivyo. Kanner alikwisha kuona kwamba watoto wake walijiita “wewe”. Katika Kiswahili yule “wewe” amejificha katika kitenzi. Mama anauliza, “Unataka mayi?” (mayi ni maji), na mtoto anajibu, “Unataka mayi.” Masikioni mwa jirani hilo ni swali, au ni dhihaka, au ni kasuku. Kumbe mara nyingi ni ndiyo. Tangu miaka ya 1980 mwanzoni, mtafiti Barry Prizant ameonyesha kwamba mwangwi wa namna hii una kazi: kuomba, kukubali, kushika zamu katika mazungumzo. Dawa yake si kumkaripia. Punguza maswali, na useme kile ambacho yeye angekisema: “Nataka mayi,” kisha umpe. Au tumia neno tupu, “Mayi,” ambalo halina mimi wala wewe ndani yake. Na nyumba ikubaliane juu ya neno moja kwa kila kitu mwanzoni, ili yaya asiseme hili na shangazi lile.

Tuseme yote haya ni kweli, atasema msomaji, lakini ni kwa nchi zenye wataalamu. Mtaalamu wa tiba ya usemi, yule ambaye Kifaransa humwita orthophoniste, ni mtu adimu sana Kongo nzima. Lubumbashi, ambako kuna kituo cha magonjwa ya akili na neva cha Dr Joseph Guislain kinachoendeshwa na Mabradha wa Upendo, iko kilomita takriban 300 kutoka Kolwezi, na nauli ya safari hiyo kila juma haimo katika mfuko wa mwosha madini. Ni kweli. Lakini ushahidi mzuri zaidi wa miaka ya karibuni umetoka hasa mahali pasipo na wataalamu. Katika Goa nchini India na Rawalpindi nchini Pakistan, wahudumu wa afya wasio na ubingwa walifundishwa kuwafundisha wazazi wa karibu nusu ya watoto 65 wenye usonji, wa miaka miwili hadi tisa, jinsi ya kumfuata mtoto katika anachokitazama na kumngojea aanze. Matokeo yalichapishwa mwaka 2016: wazazi walipatana zaidi na watoto wao, na watoto walianzisha mawasiliano mara nyingi zaidi kuliko wale ambao wazazi wao hawakufundishwa. Vipimo vingine havikupanda. Hilo lisemwe wazi, kwa sababu wauzaji wa miujiza ni wengi. Lakini lile lililopanda, mtoto kuanza yeye, ndilo tunalolitafuta.

Karibu zaidi na kwetu, huko Kilifi, pwani ya Kenya, Karen Bunning, Joseph Gona na wenzao waliwatembelea nyumbani watoto tisa wenye shida kubwa za mawasiliano, wa miaka 4 hadi 12, na kuwaandalia njia za kuwasiliana kwa vitu vya bei ndogo vilivyopatikana palepale. Walipoeleza kazi hiyo mwaka 2014, walezi walikuwa wamebadili namna walivyowaona watoto wao. Ni utafiti mdogo, wala si wa usonji peke yake, na hauwezi kubeba mzigo mkubwa. Hata hivyo unajibu swali la kama jambo hili linawezekana katika nyumba ya udongo, kwa Kiswahili na Kigiriama, bila umeme. Shirika la Afya Duniani nalo lilitoa mwaka 2022 mafunzo ya walezi wa watoto wa miaka 2 hadi 9 wenye ucheleweshaji wa ukuaji: vikao tisa vya kikundi na ziara tatu za nyumbani, yakiongozwa na watu wasio mabingwa, na vitabu vyake hupatikana bure.

Inabaki ile foleni ya sababu tuliyoanza nayo. Mwaka 2015 timu ya Gona ilichapisha mazungumzo na watu 103, wazazi na wataalamu, katika Kilifi na Mombasa. Walitaja mapepo, uchawi na laana pamoja na matatizo ya ujauzito na ya kurithi, na familia zilizunguka kwa waganga, kwa watumishi wa Mungu na hospitali. Kolwezi haitofautiani. Hakuna anayekatazwa kumwombea mwanawe. Ila kumtangaza mtoto kuwa ndoki, kumshindisha njaa, kumfunga kamba ili pepo litoke, ni kosa la jinai: kifungu cha 160 cha sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 kinamwadhibu anayemtuhumu mtoto uchawi. Kuhusu machimbo, hofu ya wazazi ina msingi kwa mambo mengine. Utafiti wa Kasulo uliochapishwa mwaka 2018 ulikuta kobalti nyingi mno katika mkojo wa wakazi, watoto zaidi ya wakubwa, na mwingine wa Lubumbashi wa mwaka 2020 ulihusisha kazi ya baba migodini na kasoro za kuzaliwa. Tafiti hizo hazikupima usonji, na mwenye kudai kwamba vumbi ndilo lililomnyamazisha mtoto anadai zaidi ya anachokijua. Tuidai hewa safi kwa sababu ni haki, tusingoje kesi hiyo iishe ndipo tumfundishe mtoto kuomba maji. Uchunguzi mmoja tu wa sababu usiahirishwe: masikio. Mtoto aliyepita homa ya uti wa mgongo au malaria kali anaweza kuwa hasikii, na hiyo ni njia nyingine kabisa.

Kuhusu vyombo vya umeme, kishikwambi kinachotamka ukigusa picha kina faida iliyothibitishwa. Mwaka 2014 Connie Kasari na wenzake waliwapima watoto 61 wenye maneno machache, wa miaka mitano hadi minane, na wale waliopewa chombo cha kusemea tangu mwanzo wa mafunzo walisema zaidi kuliko wale waliofundishwa bila hicho. Inachoma kidogo kujua kwamba betri za vyombo hivyo zina kobalti, na kwamba takriban asilimia 70 ya kobalti ya dunia hutoka Kongo, nyingi ikiwa ya mkanda huuhuu. Lakini kilichofanya kazi katika utafiti ule ni chombo pamoja na mtu mzima aliyefundishwa. Kishikwambi kikiwa peke yake ni katuni tu. Na wazazi wajihadhari na ule mtindo wa msaidizi kumshika mtoto mkono ili “aandike” sentensi ndefu za hekima. Ulipimwa miaka ya 1990, ikaonekana kwamba anayeandika ni msaidizi.

Pingamizi ambalo sina jibu jepesi kwalo ni la akina mama wenyewe. Wanaamka kabla ya jua, wanauza ndizi na maji barabarani, wanarudi jioni, na makala kama hii inawaongezea kazi. Ni kweli inawaongezea. Nukta kumi hapa na kadi tatu pale wakati wa kulisha zinawezekana. Watu wawili, mmoja mbele na mmoja nyuma, kila siku kwa miezi, ni mzigo, na yaya wa miaka kumi na miwili hapaswi kuacha shule ili aubebe. Kwa hiyo kazi hii isiachwe iwe ya siri ya nyumba moja moja. Nchi ina sheria ya haki za watu wenye ulemavu ya tarehe 3 Mei 2022. Kanuni ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inazitaka kampuni zitenge asilimia 0.3 ya mauzo yao kwa maendeleo ya jamii zinazozizunguka, na jamii hizo hukaa mezani kuandika matakwa yao katika cahier des charges. Kwa kawaida huandikwa kisima, darasa, barabara. Wakazi wa Dilala, Manika na mji wa Fungurume, mtakapoitwa tena kwenye meza hiyo, andikeni na mstari huu: kufundisha wahudumu wawili katika kila zone ya afya, watakaokaa na wazazi vikao tisa na kuwatembelea nyumbani mara tatu.